Nguzo za mnara wa tenki zinapasuka kwa kutu: je, plasta itatosha?

Swali la msomaji: "Mhandisi, habari za kazi. Mwaka 2017 nilijenga nyumba ya ghorofa moja hapa Dodoma, upande wa Nala, na pembeni yake nikajenga mnara wa zege wa nguzo nne unaobeba tenki la lita 5,000. Maji ya bomba yalikuwa hayajatufikia, hivyo zege lote, la nyumba na la mnara, lilikorogwa kwa maji ya kisima kirefu, ambayo yana chumvi. Tulipoyapeleka kupimwa tuliambiwa kloridi, ile sehemu ya chumvi, ni miligramu 1,150 kwa lita. Maji hayohayo ndiyo yanayojaa tenki hadi leo. Tangu mwaka jana nguzo mbili za mnara zimepasuka kwa wima na zinatoa michirizi ya kahawia. Mwezi uliopita kipande cha zege cha ukubwa wa kiganja kilidondoka, nondo ikaonekana nyekundu na inabanduka magamba. Fundi anashauri tubomoe palipopasuka, tupake nondo dizeli, kisha tupige plasta yenye dawa ya kuzuia maji. Jirani anasema kutu ya chumvi ni mambo ya Dar na Tanga, Dodoma ni kukavu, na kwamba mimi niliuziwa nondo feki. Nani yuko sahihi? Mnara utapona? Na nyumba, iliyojengwa kwa maji yaleyale, iko salama?"

Ndugu msomaji, kabla hatujafika kwa fundi na jirani, nakuomba ufanye jambo moja leo hii: toa maji yote kwenye tenki hilo. Lita 5,000 ni tani tano, na zimekaa juu ya nguzo nne ambazo mbili kati yake hatujui zimebakiwa na chuma kiasi gani. Kwa muda huu tenki literemshwe, likae kwenye jukwaa fupi la matofali, na watoto wasicheze chini ya mnara. Fundi naye asiguse nguzo kwa nyundo wala tindo wakati tenki limejaa, kwa sababu nguzo iliyopasuka bado inabeba mzigo kwa zege lilelile analotaka kulibomoa, na ukarabati uliokusudiwa kuuponya mnara ndio unaoweza kuuangusha.

Sasa tumsikilize jirani. Ni kweli kwamba pwani upepo wa bahari huleta chumvi hadi ukutani, na ni kweli kwamba katika nchi za baridi madaraja huharibiwa na chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Lakini nondo haiulizi chumvi imetoka wapi. Kanda ya kati ina chumvi yake yenyewe: maziwa ya Singidani na Kindai pale Singida mjini ni ya chumvi, na bonde la Bahi hupokea maji yasiyo na njia ya kutoka kwenda baharini. Mvua zetu za karibu milimita 600 kwa mwaka hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, kisha linafuata jua la miezi mingi. Maji yanapaa na chumvi inabaki kwenye udongo na kwenye maji ya chini ya ardhi. Ndiyo maana visima virefu vingi vya huku vina ladha unayoijua.

Jirani yako ana nusu ya ukweli katika suala la ukavu. Zege lililokauka kweli, hata likiwa na chumvi kiasi, nondo zake huliwa polepole mno, kwa kuwa kutu haiendi bila unyevu. Ila mnara wa tenki ndiyo sehemu ya kiwanja chako isiyokauka hata mwezi wa Agosti: bomba linavuja kidogo, tenki linafurika usiku pampu ikisahauliwa, na maji yanateremka kwenye nguzo zilezile kila mara. Kuhusu nondo feki, zipo sokoni nondo nyembamba kuliko zinavyotajwa, na ni vema uzipime, lakini wembamba hauleti kutu. Nondo za kawaida, hata zile bora kabisa, ni chuma kinachoshika kutu kikikosa kinga.

Kinga yenyewe wengi wanaielewa vibaya. Wanadhani zege huilinda nondo kwa kuzuia maji yasiifikie, kumbe zege lote lina vinyweleo na maji hupita. Linachofanya hasa ni kuizungushia nondo alkali kali. Maji yaliyomo kwenye vinyweleo vya zege jipya huwa na pH kati ya 12.5 na 13.5, na katika ukali huo uso wa chuma hujitengenezea utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, ambao huzuia chuma kisiendelee kuyeyuka. Ndiyo sababu nondo iliyokaa dukani ikapata wekundu mwepesi haina tatizo kubwa: ikizikwa ndani ya zege zuri, hutulia. Yenye kutu ya magamba isuguliwe kwa brashi ya waya, na iliyokaa karibu na bahari ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kufungwa.

Utando huo hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa ukaa, ambayo huingia kwenye zege taratibu na kuimaliza alkali hadi pH inashuka chini ya 9. Hapo nondo huvuliwa kinga kwa urefu wake wote. Ya pili ni kloridi, na hii ni ya hila zaidi, kwa kuwa alkali inaweza kuwepo bado lakini ioni za kloridi zikishakuwa za kutosha kwenye uso wa nondo, huutoboa utando katika nukta moja tu. Kwenye nukta hiyo chuma huanza kuyeyuka na kutoa elektroni. Elektroni hizo husafiri ndani ya nondo yenyewe hadi sehemu ambazo bado zina utando, na huko hupokelewa na maji na oksijeni. Umepata betri iliyozikwa ndani ya nguzo: nukta ndogo inayoliwa ni anodi, na eneo kubwa lililosalia ni kathodi inayoichochea. Kwa kuwa eneo kubwa linavuta kutoka kwenye nukta ndogo, shimo huchimbika kwenda ndani, halitapakai juu juu.

Kuna jambo jingine hapo ambalo ndilo kiini cha jibu langu kwako. Ndani ya kile kishimo kloridi huungana na chuma, kisha mchanganyiko huo ukikutana na maji hutoa asidi na kuiachia kloridi huru tena. Kloridi haitumiki ikaisha. Kiasi kilichoingia mwaka 2018 kinaweza kuwa kinafanya kazi mpaka leo, na hakuna plasta ya nje inayoweza kukitoa.

Kutu inayotokana na hayo huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichoizaa. Zege huvumilia sana kubanwa lakini halivumilii kuvutwa, hivyo husukumwa kutoka ndani na kupasuka kufuata mstari wa nondo. Nguzo yako imepasuka kwa wima kwa sababu nondo kuu zimesimama wima. Nyufa za plasta iliyokauka vibaya hutambaa huku na huku kama utando wa buibui na hazitoi michirizi ya kahawia; zako si hizo. Ufa huo una maana kwamba ugonjwa umekuwemo kwa miaka kadhaa.

Sasa tufanye hesabu ya maji yako, maana namba uliyopewa maabara ina thamani kuliko ulimi. Wengi huanza kuhisi ladha ya chumvi kloridi ikifika kama miligramu 250 kwa lita, na baada ya hapo kuonja hakuwezi kukuambia kama ni 400 au 3,000. Kiwango cha Ulaya cha maji ya kukorogea zege lenye nondo kinaishia miligramu 1,000. Wewe una 1,150, yaani umevuka kwa kiasi kidogo. Chukua mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 uliokorogwa kwa lita 30 za maji hayo: ndani yake imeingia kloridi gramu 34.5, ambayo ni kama asilimia 0.07 ya uzito wa saruji. Kikomo kinachotumika sana kwa zege lenye nondo ni asilimia 0.2 hadi 0.4 ya uzito wa saruji, yaani gramu 100 hadi 200 kwa mfuko. Mchanga wa korongo unaweza kuongeza kidogo, lakini hata hivyo maji ya kukorogea peke yake hayakuifikisha nguzo yako ilipofika. Mtu angekoroga kwa maji ya bahari, yenye kloridi karibu gramu 19 kwa lita, mfuko huohuo ungebeba gramu 570. Hilo ni jambo jingine kabisa.

Lakini angalia upande wa pili. Kila lita moja ya maji yako inayokauka juu ya nguzo huacha gramu 1.15 za kloridi. Lita 30 zikikauka hapo, zimeacha chumvi sawa na ile ya kukorogea mfuko mzima, tena zimeiacha kwenye ngozi ya zege, karibu na nondo, si kwa kuisambaza ndani ya nguzo yote. Tenki linalodondosha matone mchana kutwa kwa jua la Dodoma halihitaji muda mrefu kutimiza lita hizo. Tone likilowesha zege, maji hunyonywa ndani pamoja na chumvi yake. Jua likiwaka, maji hutoka na chumvi hubaki. Mzunguko huo wa kulowa na kukauka huingiza chumvi kwa kasi kuliko kulowa moja kwa moja. Kwa hiyo mshitakiwa wangu wa kwanza ni mvujo wa tenki, na wa pili ni unene wa zege lililofunika nondo.

Huyo wa pili unaweza kumchunguza mwenyewe. Chukua kile kipande kilichodondoka, kama hakijatupwa, utazame upande wake wa ndani. Utaona mfereji wenye alama ya mbavu za nondo au mstari wa ringi (chuma chembamba kinachozifunga nondo kuu), umepakwa rangi ya kahawia. Pima kwa rula kutoka chini ya mfereji huo hadi uso wa nje, bila kuhesabu plasta. Ukikuta milimita 10 au 15, umeipata sehemu kubwa ya sababu. Kwa nguzo inayomwagikiwa maji ya chumvi mimi nisingekubali chini ya milimita 40, na ningependelea 50. Tazama pia kama kuna mashimo baina ya kokoto, dalili ya zege lililomiminwa bila kushindiliwa, na kama kando ya ringi kuna kipande cha jiwe au cha nondo kilichotumika kuiinua. Kipande cha nondo kilichogusa ubao wa boksi la kumiminia zege kinabaki kimechungulia nje, na kutu huingilia hapo hapo.

Tuje kwa fundi. Simlaumu, kwa kuwa njia yake ndiyo inayotumika mitaani, na kwa mwaka mmoja au miwili huonekana imefaulu. Dizeli iondoe kabisa kwenye mpango: haizuii kutu ndani ya zege, na inaharibu mshikamano kati ya nondo na zege jipya. Plasta yenye dawa ya kuzuia maji hupunguza maji mapya, lakini hufunika chumvi na unyevu vilivyokwisha kuwemo.

Kibaya zaidi ni kiraka chenyewe. Ile nukta iliyokuwa ikiliwa ilikuwa, bila kukusudia, inazikinga sehemu za jirani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa anodi na jirani zake walikuwa kathodi. Ukiisafisha na kuizungushia zege jipya lisilo na chumvi, inageuka kuwa kathodi. Jirani zake, ambao bado wamelala kwenye zege la zamani lenye kloridi, wanageuka kuwa anodi mpya. Baada ya misimu michache ya mvua unaona nyufa zimezunguka kiraka juu na chini, na mwenye nyumba anasema fundi aliiba saruji, kumbe saruji ilikuwa nzuri na ndiyo iliyohamisha ugonjwa.

Ukarabati unaostahili jina hilo huanza kwa kukata mvujo, kisha mnara kuondolewa mzigo na kuwekewa mihimili ya kuushikilia. Zege hubomolewa kupita nyuma ya nondo, angalau milimita 20 nyuma yake, na kuendelea kufuata nondo hadi inapokuwa safi, hata kama juu hapana ufa. Nondo husafishwa hadi chuma kitupu, na vishimo vyake vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu brashi haifiki chini ya kishimo. Kisha hupimwa kwa kalipa. Nondo ya milimita 12 iliyobaki na milimita 10 imepoteza karibu asilimia 31 ya eneo lake la kubeba mzigo, ingawa kwa macho unaweza kusema imepungua kidogo tu. Hapo huongezwa nondo nyingine pembeni, na urefu wa kupishana huamuliwa na mhandisi. Kwenye kingo za kiraka huweza kufungwa vipande vya zinki vinavyokubali kuliwa badala ya nondo. Ipo pia njia ya kupitisha umeme mdogo kila wakati ili nondo yote iwe kathodi. Ilianza kutumika kwenye sakafu ya daraja moja huko California mwaka 1973, mwaka uleule serikali yetu ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, na inafanya kazi vizuri sana. Lakini ni ya madaraja na bandari, na kwa mnara wa tenki gharama yake haina maana.

Kwa uaminifu, kwa mnara wa nguzo nne ambao mbili zimekwisha kupasuka, mimi huelekea kwenye kubomoa na kujenga upya. Gharama ya ukarabati kamili hukaribia ya mnara mpya, na ukimaliza bado unabaki na nguzo mbili nyingine zenye chumvi ileile zinazosubiri zamu yao. Ningebadili mawazo tu kama vipimo vitaonyesha kwamba chumvi imeishia milimita chache kutoka nje na nondo hazijapungua.

Ukijenga upya, maji ya kukorogea na ya kumwagilia yawe ya bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, kama sasa limefika, au ya bowza uliyoyahakikisha. Kumwagilia zege kwa maji ya chumvi kwa siku saba za jua ni kulipaka chumvi kila asubuhi na jioni, na watu hulisahau hili hata wanapokuwa waangalifu na maji ya kukorogea. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, unyevu wa mchanga ukiwa umehesabiwa humo. Fundi atalalamika kwamba zege ni gumu. Mpe vaibreta, mashine ya kushindilia zege, usimpe ndoo nyingine ya maji, kwa maana kila lita ya ziada huacha vinyweleo ambavyo chumvi itavipitia baadaye. Saruji yenye pozolana, kama majivu ya volkano, ni nzuri kwa kazi hii, kwani hupunguza mwendo wa kloridi ndani ya zege, mradi imwagiliwe ipasavyo. Nondo zikae kwenye biskuti za zege (vipande vya kuziinua) za milimita 50, na bomba la kufurika lipeleke maji mbali na nguzo, si kuyamwaga kando yake.

Imebaki nyumba, ambayo nadhani ndiyo inayokunyima usingizi. Hesabu ya hapo juu inakupa nafuu: asilimia 0.07 iliyoingia na maji ya kukorogea iko chini ya kikomo, na nguzo za ndani, zisizolowa, hazina kinachoongeza chumvi wala unyevu unaoiendesha kutu. Nafuu hiyo haihusu sehemu zinazolowa. Kagua sehemu ya chini ya nguzo za nje, pale udongo unapogusa zege na maji ya chini hupanda. Slabu iliyo chini ya bafu la juu. Kingo za baraza. Na ukuta wowote ulio karibu na bomba la kisima. Gonga taratibu kwa nyundo ndogo: zege zima hulia kwa sauti kavu, lililoachana na nondo hulia wazi kama debe. Ukiona unga mweupe ukutani usishtuke peke yake, kwa kuwa mara nyingi ni chumvi za aina nyingine zisizotoboa utando wa nondo, ila unakuonyesha mahali maji yanapopita.

Ukikuta ufa unaofuata nondo, doa la kahawia, au mlio wa uwazi kwenye nguzo, boriti au chini ya slabu, usimwite fundi kwanza. Mwite mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na umwombe mambo matatu kwa majina yake: apulizie fenolfthaleini kwenye zege lililovunjwa wakati huohuo, ambayo hugeuka waridi palipo na alkali na kubaki bila rangi palipomalizwa na hewa ukaa, atoboe na kukusanya unga wa zege kwa tabaka, kutoka milimita 0 hadi 20, 20 hadi 40 na 40 hadi 60, upelekwe maabara kupimwa kloridi, na apime volti ya nondo juu ya uso wa zege kwa elektrodi ya shaba. Ikisomeka hasi zaidi ya milivolti 350, uwezekano wa kutu kuwa inaendelea ni mkubwa. Ikiwa kati ya sifuri na hasi 200, ni mdogo. Katikati ya hapo hutegemea vipimo vile viwili vingine. Ufa ukiwa kwenye boriti au kwenye slabu wanayolala watu chini yake, au mlango wa chumba cha chini ukianza kukwama ghafla, usisubiri majibu ya maabara: hameni sehemu hiyo siku hiyohiyo, na mhandisi aje aikute tupu.